Kuvu, mbaazi na mpunga wa mlimani

Mpunga wenye njaa ya naitrojeni hujisema wenyewe. Unageuka njano, mwenye shamba anauona akipita na baiskeli, anaenda dukani kuchukua urea, na haipiti muda mrefu shamba limerudi kijani. Mpunga wenye njaa ya fosforasi hausemi kitu. Unabaki kijani, tena kijani kilichokolea kuliko kawaida, majani membamba yamesimama wima, na mgeni asiyejua anaweza hata kuusifu. Mpaka uiname ndipo unagundua shina limekaa peke yake, au lina machipukizi mawili tu, wakati kwa jirani kila shina limezaa la kujaza mkono. Majani ya chini yana wekundu au zambarau kwenye ncha. Kisha mpunga unachelewa kubeba mimba, mvua zinakatika, na unavuna masuke yenye pumba nyingi.

Nimefanya kazi ya ubibi shamba kwenye vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero, na huko huko nimeolewa. Kwa hiyo haya ya mpunga nimeyaona kazini na nimeyaona kwenye shamba la ukoo wa mume wangu, ambako hakuna anayeniita mtaalamu. Nataka kueleza jinsi nilivyoacha kuizungumzia fosforasi kama kitu cha mfuko wa mbolea peke yake, nikaanza kuziangalia pia kuvu za udongoni na mazao yanayotangulia mpunga.

Huku kwetu familia nyingi zina mashamba ya namna mbili. Liko la mbugani, ambalo maji yakija yanatuama, na liko la juu, mteremkoni, linalonyeshewa na kukauka siku hiyo hiyo. Yote mawili yanategemea mvua. Mbegu inaweza kuwa moja, Supa ile ile, mkono wa kupanda ni ule ule. Lakini kule mbugani mtu anaweza kulima miaka kumi bila kuweka mbolea ya kupandia na bado akavuna. Kule juu msimu wa tatu tu mpunga umeshakonda. Wazee husema ardhi ya juu imechoka. Wana haki ya kusema hivyo, ila kuna jambo jingine linaloendelea. Udongo mwekundu una chuma kingi, na chuma hukamata fosforasi kikaishikilia. Maji yakituama kwenye jaruba kwa wiki kadhaa, hewa inaisha udongoni, kile chuma kinabadilika na kuyeyuka, na sehemu ya fosforasi iliyokuwa imefungwa inaachiwa. Mpunga wa mbugani unafunguliwa ghala na maji. Wa juu hauna wa kuufungulia.

Jibu letu la ofisini lilikuwa mbolea, na sikatai. Chukua mfuko wa DAP wa kilo 50. Umeandikwa 18-46-0, na ile 46 ni asilimia ya fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Fosforasi yenyewe ndani ya mfuko ni kilo 10 hivi. Tani moja ya mpunga, pamoja na majani yake, inachukua kama kilo mbili hadi tatu. Kwa hesabu hiyo mfuko mmoja ungelisha tani tatu na zaidi, na sisi juu kule eka moja ikitoa gunia kumi na mbili tunapiga vigelegele. Nyingine imekwenda wapi? Haijaenda popote. Imo shambani, imeshikwa na chuma na aluminiamu, maana zao huchukua sehemu ndogo tu katika msimu ule ule wa kuweka. Isitoshe, fosforasi haitembei. Naitrojeni husafiri na maji hadi mzizini. Fosforasi hukaa pale ilipo, na mzizi ukishamaliza ile ya milimita moja au mbili zinazouzunguka, hapo pameisha.

Ndiyo maana wakulima wengi wanaona DAP ni mbolea ya bei isiyoonyesha kitu. Urea unaiweka leo, wiki ijayo unaona. Hata wakati wa vocha za ruzuku zilizoanza 2008, ambapo mkulima alikuwa na haki ya mbolea ya kupandia, ama DAP ama Minjingu, nimewaona watu wakitafuta njia ya kuibadilisha wapate urea.

Sasa nije kwenye shamba la shemeji yangu. Liko mteremkoni, linashuka hadi karibu na kijito. Kwa miaka kadhaa alikuwa amelikata vipande vitatu bila mpango wa kisayansi wowote. Juu kabisa alikuwa na mahindi yaliyochanganywa na mbaazi. Katikati ni mpunga juu ya mpunga, kila mwaka. Chini, karibu na maji, ilikuwa bustani ya chainizi na mchicha ambayo mkewe aliimwagilia kiangazi na kuipa urea, na mboga zilikwenda gulioni. Msimu mmoja bei ya mchele ilipanda, akaamua shamba zima liwe mpunga. Alipanda kwa siku chache, mbegu moja, shimo kwa shimo.

Kila mtu alitegemea bustanini ndiko kungeongoza. Palikuwa na unyevu, palipaliliwa vizuri, pana urea ya miaka. Wiki ya tatu mpunga wa bustanini ulikuwa kijani kuliko wote. Wiki ya tano ulikuwa pale pale ulipokuwa wiki ya tatu. Kule juu kwenye mbaazi mashina yalikuwa yameshachipua, udongo hauonekani kati ya mistari. Katikati ilikuwa katikati kweli, si mzuri si mbaya.

Shemeji aliniita tukasimame pale mpakani mwa vipande. "Shemeji," akaniambia, "mbegu ni ile ile, nimeitoa mfuko mmoja. Hapa chini pamefanywa kitu." Alikuwa hatanii. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka na mtu wa ng'ambo ya kijito.

Nilichokifahamu wakati huo kilikuwa cha darasani: kwamba mizizi ya mimea mingi haili peke yake. Ziko kuvu za udongoni, mikoriza, zinazoingia ndani ya mizizi na kuishi humo. Mmea unazilisha sukari na mafuta uliyotengeneza kwa jua. Zenyewe zinatandaza nyuzi nje, nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi, zinafika sentimita kadhaa mbali na kuleta fosforasi ambayo mzizi usingeifikia. Mtafiti Mjerumani, Frank, aliupa ushirika wa namna hii jina hilo la mikoriza mwaka 1885, na mabaki yaliyogandishwa kwenye mawe ya Rhynie huko Scotland yanaonyesha kuwa mimea ya zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita ilikuwa tayari inaishi na kuvu kama hizi. Mpunga nao unazipokea, hasa ukikua pakavu. Kwenye maji yaliyotuama kuvu hupungua, kwa kukosa hewa.

Na nilikumbuka kitu kimoja zaidi: jamii ya kabichi haizipokei. Kabichi, chainizi, haradali, zote hizo zinaishi bila mikoriza. Mchicha na jamaa zake nao kwa sehemu kubwa hivyo hivyo. Mahindi, mtama, kunde, karanga, mbaazi, ufuta na mihogo ni wenyeji wazuri, na muhogo ndio unaozitegemea kupita kiasi. Kwa maana hiyo bustani ya mke wa shemeji ilikuwa imekaa miaka bila mzizi hata mmoja wa kuzilisha. Kuvu hizi haziwezi kujilisha zenyewe kwa kuozesha majani kama uyoga. Pasipo mzizi hai zinabaki mbegu zao tu, ambazo hupungua mwaka hadi mwaka.

Vipande vitatu vya shamba la mtu mmoja si ushahidi. Udongo wa juu na wa chini unaweza kutofautiana kwa sababu nyingine ishirini. Nikataka nione mizizi yenyewe. Nilikuwa namfahamu mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya kata, na maabara yake ilikuwa na hadubini moja inayofanya kazi. Njia tuliyotumia ni ya bei ya kijijini: watafiti waliichapisha mwaka 1998, na inatumia siki na wino wa kalamu. Nilichimbua mashina machache kutoka kila kipande kwa jembe, si kwa kung'oa, kwa sababu ukiyang'oa mizizi myembamba inabaki ardhini na hiyo ndiyo unayoitaka. Nikaosha kwenye beseni mpaka maji yakawa meupe. Mwalimu akachemsha mizizi kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi, akiwa na glovu, mpaka ikawa haina rangi, unaona upande wa pili. Tukaisuuza, tukaichemsha tena dakika chache kwenye siki tuliyotia wino wa buluu kidogo, tukaisuuza kwa maji yenye tone la siki. Mzizi unaachia wino, kuvu hauachii.

Mzizi wa kipande cha mbaazi ulipokaa sawa chini ya lenzi, mwalimu ndiye aliyeona kwanza. Nyuzi za buluu zilikuwa zinapita katikati ya chembe za mzizi, ndefu, hazina kuta za kuzigawa ndani. Hapa na pale kulikuwa na vifuko vya mviringo, akiba ya mafuta. Na ndani ya chembe zenyewe, chembe moja moja, kulikuwa na matawi yaliyogawanyika hadi yakawa kama ukungu wa buluu. Hapo ndipo sukari na fosforasi hubadilishana mikono. Mzizi wa bustanini tuliutafuta mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa safi kama nyuzi za nailoni, na uzi wa buluu mmoja umegusa pembeni.

"Sasa bibi shamba," mwalimu akaniuliza, "huo mzizi wenye kuvu si ndio mgonjwa?"

Swali hilo nimelisikia tena na tena tangu wakati ule, na si la ujinga. Kuvu tunayoitangaza sisi wa kilimo redioni ni ile inayoleta sumukuvu kwenye mahindi na karanga, tena sumu ile imeua watu. Ukifika mkutanoni ukaanza kwa kusema mpunga unahitaji kuvu, umepoteza nusu ya watu. Mimi siku hizi nawaambia shimo lichimbwe, mizizi ioshwe, wenye macho waangalie. Hadubini haipo kila kijiji, lakini mashina mawili yakiwekwa juu ya khanga, moja limezaa na jingine halijazaa, mazungumzo yanakwenda.

Mpunga wa bustanini haukufa. Mwezi wa pili tangu kupandwa ulianza kuchipua kwa kuchelewa, na nadhani ni kwa sababu kuvu chache zilizokuwepo zilikuwa zimeanza kuenea. Shida ni kwamba mpunga unahitaji fosforasi mapema, wakati unatengeneza machipukizi. Ukikosa wiki zile, suke lililokosekana halirudi hata ukilimwagia DAP yote ya wilaya. Shamba lenye mtandao wa nyuzi na vipande vya mizizi ya zao lililopita vyenye kuvu hai hupokea mche mapema sana. Shamba lenye mbegu za kuvu chache zilizotawanyika, mche unasubiri.

Basi swali likageuka. Badala ya kuuliza nitaweka nini msimu wa mpunga, nikaanza kuuliza shamba lilikuwa na nini kabla. Kwetu mvua zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Mei. Mpunga ukivunwa, shamba linakaa wazi hadi mvua nyingine, karibu nusu mwaka. Katika nusu mwaka hiyo ng'ombe wanapita, moto unapita, na trekta za disiki zinapita pia, kwa sababu Agosti na Septemba wenye trekta hawana kazi na bei ya kulimiwa ni nafuu. Kugeuza udongo mkavu mara mbili mara tatu kunakata nyuzi zote. Huko Queensland, Australia, wakulima waliozoea kupumzisha shamba mwaka mzima na zaidi bila kitu, ili lihifadhi maji, waliona mazao yanayofuata yanadumaa kwa njaa ya fosforasi na zinki. Mwaka 1987 mtafiti J. P. Thompson alionyesha kuwa kilichopungua katika mapumziko hayo marefu ni mikoriza. Kwa miaka mingi mkutanoni nimesifu mapumziko ya shamba. Siku hizi naongeza: lipumzike likiwa na mizizi.

India nako, kwenye kituo cha Hazaribag cha mpunga wa nchi kavu unaotegemea mvua, watafiti wamefanyia kazi jambo hili hili: mazao yapi yatangulie mpunga, na kulima kwa kiangazi kupangweje ili kuvu zisiharibiwe. Walipendelea mahindi na jamii ya kunde. Nilifurahi kusoma hivyo kwa sababu hakuna kinachotakiwa kuagizwa kutoka nje; mazao hayo tunayo.

Kwangu mbaazi ndiyo mwalimu mkuu wa mzunguko huu. Inapandwa na mahindi mwanzo wa mvua, mahindi yanavunwa, yenyewe inabaki imesimama kiangazi, inavunwa Agosti hadi Septemba au zaidi. Miezi yote hiyo mizizi iko hai na kuvu zinakula. Tena mizizi yake hutoa asidi inayoing'oa fosforasi iliyoshikwa na chuma, jambo ambalo Noriharu Ae na wenzake walilichapisha mwaka 1990 kutokana na kazi yao huko ICRISAT, taasisi ya utafiti wa mazao iliyoko India. Kwenye udongo mwekundu kama wetu hilo si jambo dogo. Majani yanayodondoka yanarudisha juu kilichotolewa chini. Nawasihi kina mama waikate isingolewe: kuni za vijiti vyake wanazipata vile vile, na kisiki kinabaki na mizizi yake ardhini.

Halafu likaja soko. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na mbaazi yetu karibu yote ilikuwa inakwenda huko. Bei ikaanguka mpaka gharama ya kuchuma na kupura ikawa kubwa kuliko mauzo. Watu waliing'oa. Mzee mmoja aliniambia mbele ya kikao, "Mwanangu, kuvu zako na zile mbaazi tuzile na nini?" Sikuwa na la kumjibu siku hiyo, na sidhani kuna la kumjibu zaidi ya kusema kwamba zao la mzunguko lazima liliwe nyumbani hata soko likifa. Ndipo nikaanza kusukuma kunde zaidi. Kunde ina mboga ya majani ndani ya mwezi, ina punje, haina haja ya mnunuzi wa ng'ambo.

Niseme pia kuvu si kiini macho. Haziumbi fosforasi. Zinaileta iliyopo, na ukivuna miaka yote bila kurudisha, ghala litaisha hata kwa mpakuaji hodari. Mbolea inabaki. Ila kiasi na mahali vinabadilika: mmea ukijazwa fosforasi nyingi karibu na mizizi unazifungia kuvu mlango, kwa sababu hauna haja ya kuzilipa. Mimi huweka nusu ya kile tulichokuwa tunashauri, shimoni, sentimita chache pembeni ya mbegu, na Minjingu ya chenga naiweka msimu wa mahindi na mbaazi. Ile fosfeti ya Minjingu, iliyochimbwa karibu na Ziwa Manyara, inayeyuka polepole na inapenda udongo wenye uchachu. Nani wa kuimenya kama si mbaazi?

Kuna siku tulikwenda Kyela kwenye ziara ya mafunzo, tukaoneshwa kiduha kwenye mpunga wa mvua, gugu la maua mekundu mazuri linalonyonya mizizi ya zao. Mwenyeji wetu alilalamika kuwa kiduha kinajua shamba maskini. Kinajua kweli. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali udongoni, na mbegu ya kiduha ikiinusa huamka. Kemikali ya kwanza ya jamii hiyo ilitambuliwa mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, na kwa karibu miaka arobaini hakuna aliyeeleza kwa nini mmea utoe kitu cha kumwita adui yake. Mwaka 2005 Wajapani wakiongozwa na Kohki Akiyama walionyesha kuwa kemikali hizo ndizo zinazoamsha nyuzi za mikoriza zitanue matawi. Mmea unawaita wasaidizi, kiduha kinadandia wito. Mmea ulioshiba fosforasi unapunguza kuita.

Siku hizi wauzaji wanapita na pakiti za kuvu za kuchanganya na mbegu. Wakulima huniuliza kama wanunue. Nawaambia wajaribu mstari mmoja na waache mwingine bila, wahesabu machipukizi wenyewe. Pakiti iliyokaa miezi kwenye duka la bati lenye joto siiamini sana, na kwenye shamba lililotoka mbaazi au kunde sioni itaongeza nini. Kwenye bustani ya chainizi labda.

Shemeji naye hawezi kuiacha chainizi, na mimi sikumwomba aiache. Tulikubaliana kwamba kipande cha chini kisiingie mpunga moja kwa moja kutoka kwenye mboga: kwanza kunde, msimu mzima, ndipo mpunga. Kipande cha katikati kinapishana na mahindi na mbaazi mwaka hadi mwaka, na trekta haiingii mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Mwaka jana alifuata. Mwaka huu amepanda kunde nusu ya bustani, nusu nyingine amemkodisha mtu wa chainizi, kwa sababu shule zinafungua Januari na kunde, kama alivyonieleza mwenyewe, hazinunui madaftari.